MTOTO ALIYEZALIWA KABLA YA SIKU ZAKE NA HAKI YAKE YA KIFUA

Bismillahir Rahmanir Rahim

(Karatasi hii ina majina ya Allah. Ukimaliza kuisoma mpe mwenzako, au ipeleke nyumbani wakaisome mama zetu na wake zetu. Usiiache chini wala usiifungie vitu vya dukani.)

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Aliyemuumba mwanadamu kwa tone dogo kisha akampitisha daraja baada ya daraja ndani ya tumbo la mama yake. Tunamshukuru, tunamuomba msaada, tunamuomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Allah, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia nyinyi, tumche Allah kwa haki ya kumcha. Na katika kumcha Allah ni kuchunga amana. Tumezoea kuzungumza juu ya amana ya mali, ya siri na ya uongozi. Leo tuzungumze juu ya amana moja ndogo sana, ambayo pengine uzani wake haufiki hata kilo mbili: mtoto anayezaliwa kabla ya kutimiza siku zake.

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Magharibi, kijana mmoja alinijia na swali. Mke wake amejifungua mimba ikiwa na miezi saba. Mtoto yuko hai, yuko materinite, na wauguzi wamemwambia mama amvue mtoto nguo, amlaze juu ya kifua chake, ngozi kwa ngozi, amfunge kikwembe, na akae naye hivyo mchana na usiku. Nyumbani wazee wamekataa. Wamesema mwanamke aliye katika nifasi hakai kifua wazi mbele za watu. Wamesema kama hospitali haina kuvezi basi iseme, isimfanye mama kuwa mashine. Na mmoja wao akaongeza neno zito: mtoto wa namna hiyo ni mgeni tu, atarudi alikotoka, pesa za nini? Kijana akauliza: Shekhe, nifuate lipi?

Jibu nilimpa palepale. Lakini swali hili si la kijana huyo peke yake, limo katika nyumba nyingi za Goma, kuanzia Birere mpaka Ndosho na Mugunga, na kwa hiyo nimeliandikia karatasi nzima.

Tuanze na neno la yule mzee, kwa sababu hilo ndilo mzizi. Je, mtoto wa miezi sita au saba ni mtu kamili au ni mgeni?

Ndugu Waislamu, Qur'ani yenyewe imeshatupa hesabu. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Allah ametaja kuwa kumbeba mtoto na kumwachisha ziwa ni miezi thelathini. Na katika Suratul Baqara, aya ya 233, ametaja kuwa kunyonyesha kunakotimia ni miaka miwili, yaani miezi ishirini na minne. Toa ishirini na nne katika thelathini, itabaki sita. Wanazuoni wetu tangu zama za masahaba wamechukua hapo kuwa mimba inaweza kuzaa mtoto hai kwa miezi sita. Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa aliletwa mwanamke mbele ya Sayyidna Uthman (R.A.) akiwa amezaa kwa miezi sita, watu wakamtuhumu uzinifu, na hukumu ikatolewa, Sayyidna Ali (R.A.) akasimama na aya hizi mbili, akasema mwanamke huyu hana hatia. Katika pokezi hiyo, mtu aliyetumwa kumrudisha alikuta hukumu imekwisha pita. Wapokezi wengine wanakitaja kisa kinachofanana na hicho katika zama za Sayyidna Umar (R.A.), na humo mwanamke akaachiliwa. Angalieni basi: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake alikuwa mahakamani Madina zaidi ya miaka 1300 iliyopita, na elimu ya Qur'ani ndiyo iliyomtetea yeye na mama yake.

Kwa hiyo mtoto huyo akilia au akivuta pumzi, huyo ni mtu. Ana jina. Anarithi na kurithiwa. Akifa huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa kama Muislamu mwingine. Sasa, mtu ambaye sheria imemthibitishia haki ya kuswaliwa akifa, je haina haki ya kwanza ya kusaidiwa asife? Tunakimbilia kununua sanda na hatukimbilii kununua kofia ya sufi. Hilo halikai sawa.

Na kuna maneno mengine yanayotembea mitaani, kuwa mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Maneno hayo ni ya zamani sana na hayana msingi. Kila wiki anayoongeza mtoto tumboni inamzidishia nguvu, na wa miezi minane ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko wa saba. Atakayemwacha wa miezi minane bila huduma kwa sababu ya methali, ataulizwa.

Msidhani kuwa jambo hili ni la watu wachache. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa mwaka 2020 walizaliwa watoto karibu milioni 13.4 kabla ya siku zao, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Na matatizo ya kuzaliwa mapema ndiyo sababu ya kwanza inayoua watoto walio chini ya miaka mitano duniani. Ndugu zetu wa Tanzania wana jina lao kabisa, humwita njiti, kwa wembamba wake. Katika safu hii uliyokaa leo msikitini, wahesabu watu kumi. Huenda mmoja wao alikuja duniani mapema, na pengine hajui.

Sasa, kitu gani kinamuua mtoto huyu? Wengi wanadhani ni ugonjwa. Mara nyingi adui wa kwanza ni baridi. Mtoto aliyetimiza siku ana mafuta chini ya ngozi yanayomhifadhia joto, huyu hana. Ngozi yake ni nyembamba, kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na joto linatoka humo kama linavyotoka katika sufuria isiyo na mfuniko. Hawezi kutetemeka kama mimi na wewe tunavyotetemeka. Akipoa, mwili unatumia sukari na pumzi yote kutafuta joto, kisha unachoka. Pia ubongo wake bado haujakomaa, na akilala peke yake pengine husahau kuvuta pumzi. Hana nguvu ya kunyonya. Hana kinga dhidi ya vijidudu. Mambo hayo manne hushikana mikono, na moja likianza mengine hufuata.

Na sisi tunakaa wapi? Tunakaa karibu mita 1500 juu ya bahari, chini ya Nyiragongo, wengi wetu katika nyumba za mbao zilizosimamishwa juu ya mawe ya volkano, upepo wa ziwa unapita katikati ya mbao. Mtu mzima huamka usiku wa manane akatafuta blanketi la pili. Mtoto wa kilo moja na nusu atafanya nini?

Kuvezi ipo kwa ajili hiyo, nayo ni neema, hatuikatai. Lakini kuvezi ni chache, pengine hulazwa humo watoto wawili au watatu na kuambukizana, na kuvezi hula umeme. Mnakumbuka mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini humu: siku kadhaa bila umeme, bila maji ya bomba, hospitali zimejaa majeruhi. Kuvezi isiyo na umeme ni sanduku la kioo. Kifua cha mama hakikuzimika siku hizo.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, kulikuwa na hospitali kubwa ya wazazi yenye shida hizihizi: watoto wengi, kuvezi chache, maambukizi, na akina mama waliotengwa na watoto wao mpaka wengine wakawaacha hospitalini wakaenda zao. Daktari mmoja, Edgar Rey Sanabria, akaanza kuwapa akina mama watoto wao wawaweke kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya nguo, nao wawanyonyeshe. Mwaka uliofuata akaungana naye daktari Héctor Martínez. Watu wakaliita jambo hilo kanguru, kwa jina la mnyama wa Australia ambaye huzaa mtoto mdogo kama punje ya haragwe, na mtoto huyo hupanda mwenyewe mpaka katika mfuko wa mama yake akamalizia humo miezi yake. Subhanallah. Mnyama hana kuvezi, na Allah hakumsahau.

Habari hiyo ilifika Afrika mapema. Mwaka 1988 katika hospitali ya misheni ya Manama huko Zimbabwe, mahali pasipokuwa na kuvezi hata moja, daktari na muuguzi walianza njia hii. Kabla yake, katika watoto waliozaliwa na uzani wa chini ya kilo moja na nusu, aliyepona alikuwa mmoja katika kumi. Baada yake wakawa watano katika kumi. Mashine haikuongezwa. Kilichoongezwa ni mama.

Na wasemao kuwa hii ni dawa ya maskini tu, wasikilize hili. Kati ya mwaka 2017 na 2020 Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti katika hospitali kubwa za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3200 waliozaliwa na uzani wa kilo moja mpaka pungufu kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja walipewa huduma kama ilivyozoeleka: kuvezi au kitanda cha joto kwanza, na kifua baadaye wakipata nguvu. Kundi la pili walipelekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na mama akaingizwa ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi, akapewa kitanda humo karibu na mashine za pumzi. Katika kundi la kwanza walikufa karibu 16 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Katika kundi la pili walikufa 12. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, ikaonekana si haki kuendelea kuwachelewesha wale wengine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, na mwaka 2022 Shirika hilo likatoa maelekezo mapya kwa dunia nzima, nchi tajiri na maskini: mtoto huyu awekwe kifuani mapema iwezekanavyo, saa nane mpaka saa ishirini na nne kila siku. Anayebaki mikononi mwa mashine kwanza ni yule asiyeweza kupumua mwenyewe au ambaye damu yake haizunguki vizuri, na hilo ataliamua daktari.

Ninarudia hili la mwisho ili nisinukuliwe vibaya. Sisemi mtoto atolewe hospitalini akalelewe nyumbani kwa kikwembe. Oksijeni ni haki yake, dawa ni haki yake, mpira wa kumlishia ni haki yake. Kifua ni pamoja na hivyo, si badala yake. Anayemtoroka daktari kwa kusema imamu ametuambia kifua kinatosha, mimi simo.

Namna yake ni hii, na wauguzi watakuonyesha vizuri zaidi. Mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi, soksi na kofia. Anasimamishwa wima katikati ya matiti, kifua chake juu ya kifua cha mama, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha anafungwa kwa kikwembe kilichokaza, ukingo wake wa juu ufike chini ya sikio, na juu yake mama anavaa nguo zake na kujifunika. Mama anatembea naye, anakula naye, analala naye akiwa ameegemea mito, nusu kukaa. Pumzi za mama zinamkumbusha mtoto kupumua. Ngozi ya mama inaongeza joto mtoto akipoa. Maziwa huja kwa wingi kwa sababu mwili wa mama umemhisi mtoto. Hata vijidudu vya ngozi ya mama ni vya nyumbani, vinamkinga na vile vikali vya hospitalini. Inaendelea hivyo, hospitalini na kisha nyumbani, mpaka mtoto afike karibu kilo mbili na nusu, au mwenyewe aanze kutoka jasho, kupiga mateke na kukataa kufungwa. Akikataa, hapo mpe mgongo kama wenzake. Bibi zetu wanapenda kumbeba mtoto mgongoni, na ni mila nzuri, lakini huyu mgongo wake bado haujafika zamu. Mwaka 2021, mlima uliporipuka tarehe 22 Mei na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, tulitembea na watoto mgongoni na mizigo kichwani. Mwenye mtoto mdogo namna hii, siku ya kukimbia (Allah atuepushie), amuweke mbele, ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi.

Sasa tuyajibu yale ya sheria.

Wazee walisema: nifasi. Mwanamke wa nifasi haswali wala hafungi, hilo tunalijua. Lakini mwili wake si najisi, jasho lake si najisi, maziwa yake si najisi. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiegemea mapajani pake naye yuko katika hedhi, na huku anasoma Qur'ani, na alikuwa akimchana nywele katika hali hiyo. Kama kichwa cha mbora wa viumbe kilipumzika hapo, mtoto wako ana nini zaidi cha kuogopa?

Walisema: kifua wazi. Ndani ya chumba wamo wanawake, na baina ya wanawake Waislamu uchi ni kati ya kitovu na magoti kwa kauli ya wanazuoni wengi. Pamoja na hayo mtoto akishafungwa, kifua kimefunikwa kwa kikwembe na nguo, hakuna kinachoonekana. Akiingia daktari mwanaume, mama avute kanga yake. Na hata pangekuwa na dhiki ya kweli, dharura ya kuokoa nafsi ina hukumu yake, kila mwanafunzi wa fiqhi anaijua. Ninaomba hospitali zetu watie mapazia katika vyumba hivyo. Pazia si gharama kubwa, nalo litawaondolea akina mama wengi wa Kiislamu udhuru.

Na baba je? Hapa ninasema nanyi mnaosoma karatasi hii mkiwa mmekaa safu za mbele. Kifua cha mwanaume si uchi. Hakuna kizuizi cha kisheria kabisa baba kumweka mwanawe ngozi kwa ngozi wakati mama anaoga, anakula au amelala kwa uchovu, au mama amefanyiwa upasuaji, au amefariki. Adabu moja tu: usiingie chumba cha wanawake wengine bila ruhusa ya wauguzi, omba saa maalumu au pembe ya peke yako. Anayesema si kazi ya mwanaume, amkumbuke Mtume (S.A.W.) alivyoswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama binti Zaynab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Amkumbuke Al-Aqra bin Habis aliyejisifu kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, na jibu alilopewa kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Alipopelekwa mwanawe Ibrahim kwa mama wa kumnyonyesha, katika nyumba ya mhunzi iliyojaa moshi, Mtume (S.A.W.) alikuwa akienda huko, akiingia ndani ya moshi ule, akimchukua mtoto, akimbusu, kisha akirudi. Pacha wakizaliwa, na pacha mara nyingi huja mapema, mmoja akae kwa mama, mwingine kwa baba au bibi au shangazi.

Nimetaja moshi, nisiuache. Katika mji huu tukimwona mtoto anapoa tunawasha mbabula, tunaiingiza chumbani na kufunga mlango. Ndugu zangu, makala yana hewa isiyo na harufu inayoua watu wazima, sembuse mtoto ambaye mapafu yake hayajakomaa. Sisi watu wa Goma tunayajua mazuku, tunajua hewa inaweza kuua bila kuonekana. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa ni mazuku tuliyoyatengeneza wenyewe. Joto litoke kifuani.

Yako pia mambo ya sunna ambayo watu wanaharakisha kwa nia njema. Adhana sikioni, adhini kwa sauti ya chini, mtoto akiwa palepale kifuani. Lakini tahniki, yaani kumtilia tende au asali mdomoni, isubiri. Tumbo la mtoto huyu halijawa tayari, na asali hata kwa mtoto aliyetimiza haifai kabla ya mwaka. Sunna haikuwekwa ili idhuru. Kunyoa nywele siku ya saba nako kusubiri. Nywele zile chache na kofia juu yake ndizo mfuniko wa sufuria tuliyoitaja. Unataka kutoa sadaka ya uzani wa nywele? Kadiria uitoe leo, masikini wapo mlangoni, na wembe ungoje. Akika ikikosa siku ya saba haijapotea. Katika madhehebu yetu ya Shafi wakati wake unaendelea mpaka mtoto abaleghe. Jina, mpe sasa hivi. Muuguzi akimwita kwa jina lake na si kwa nambari ya kitanda, nyoyo zinabadilika. Na kamba na hirizi shingoni, hapana. Kwa mtoto wa namna hii kamba ni hatari hata kabla ya kuingia katika mlango wa itikadi.

Katika maziwa pana jambo linalotaka elimu. Mtoto asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa ya mama yake, akapewa kwa kikombe kidogo, kijiko au mpira. Hayo ndiyo bora kuliko kopo lolote la dukani, hata yakiwa matone ishirini. Lakini pengine mama amefariki au maziwa hayajatoka, na mama wa kitanda cha pili akamwonea huruma. Inafaa, na ina thawabu, Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alinyonyeshwa na Halima Saadiya. Hakika maziwa hayo hujenga undugu. Kwa wanazuoni wengi hata yakitiwa mdomoni kwa kikombe au yakipitishwa puani kwa mpira ni kama kunyonya. Kwa Shafi ni mara tano mbalimbali, na kwa Malik na Abu Hanifa hata mara moja. Kwa hiyo, familia zote mbili ziandikiane majina kamili na mtaa, na karatasi hiyo itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, ili baada ya miaka ishirini wasije wakaoana ndugu wa ziwa bila kujua. Muuguzi atapima kwanza kama mama huyo ana afya, naye asikasirike akipimwa.

Enyi waja wa Allah, mama aliyefungwa mtoto kifuani saa ishirini hawezi kupika, hawezi kufua, hawezi kwenda kuuza sokoni. Katika hospitali zetu mgonjwa hula kinachotoka nyumbani. Kama nyumbani hakuna anayepika, mama atamfungua mtoto amwache kitandani akatafute chakula, na saa mbili hizo zinatosha baridi kufanya kazi yake. Tumesema sana kuwa mwanamke wa nifasi apumzike siku arobaini. Basi hizo arobaini ndizo hizi, tumsaidie azitumie. Mama mkwe ambaye angekuja kumkanda kwa maji ya moto, na aje na uji, na achukue zamu ya kifua. Qur'ani imetusimulia moyo wa mama yake Musa (A.S.) ulivyobaki mtupu mtoto alipotengwa naye, na Allah alivyomrudisha kwake ili jicho lake litulie. Tusiwe sisi wa kumtenga.

Kuna na deni. Tunajua wanawake wanaobakizwa materinite kwa sababu hesabu haijalipwa, na tunajua wengine wanaokimbia usiku na mtoto ambaye bado anahitaji oksijeni, kwa kuiogopa hesabu hiyohiyo. Allah ametaja katika Suratut Tawba, aya ya 60, watu wanaostahili zaka, na humo wamo mafakiri, masikini na wenye madeni. Mwenye duka anayetafuta mahali pa kupeleka zaka yake asisubiri Ramadhani. Leo baada ya swala sanduku la mlangoni ni la jambo hili peke yake. Akina mama wa msikiti wanakusanya pia kofia za sufi, soksi ndogo na vikwembe laini vilivyofuliwa, na watapanga zamu za chakula kwa mama yeyote aliye katika hali hii, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, kwa sababu kitanda cha jirani hakina dini.

Na mtoto aliyerudi nyumbani, mkimwona miguu ya baridi hata kifuani, au anaacha kunyonya, au pumzi zinasimama, au mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, au midomo imekuwa ya buluu, au macho ni manjano, au anashtukashtuka, msingoje asubuhi. Mrudisheni akiwa kifuani hivyohivyo, njiani pia.

Yule kijana alirudi Jumatano. Mtoto ameitwa Yahya, yuko bado materinite, ameongeza gramu themanini. Baba mtu anachukua zamu ya alasiri.

Allahumma, Ewe Mwingi wa rehema, wahifadhi watoto wetu waliotangulia siku zao, wape pumzi na nguvu. Wape mama zao maziwa na subira. Wape baba zao moyo laini. Walipe wauguzi na madaktari wanaokesha nao bila mshahara wa kutosha. Wale uliowachukua, uwajaalie kuwa watangulizi na shufaa kwa wazazi wao. Utupe amani katika mji huu na nchi hii. Aamin.

Wa aqimis-swalah.